Gitare ya Zamani Si Kuni

Katika parsele nyingi za Katuba kuna kitu kinacholala juu ya kabati, kimefunikwa na kikwembe kilichopauka. Ni gitare ya muzee. Muzee akiwa hai, watoto hawaruhusiwi hata kuisogelea. Akishakufa, gitare haimalizi mwaka. Nimeona miisho yake mitatu katika mitaa yetu. Ya kwanza iligeuka mchezo wa watoto mpaka shingo ikavunjika. Ya pili ilipasuliwa siku ya mvua, makala yalipokosekana, ikaishia ndani ya mbabula chini ya sufuria ya sombe. Ya tatu ilichukuliwa na kijana mwenye pikipiki anayezunguka kununua vitu vya zamani. Alitoa dolare kumi, akaifunga nyuma kwa mpira, akaenda.

Miisho hiyo yote ina sababu moja: hakuna mtu katika nyumba aliyejua kitu kile ni nini. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika gazeti letu la wiki hii. Mimi ni mwalimu wa masomo, nimesoma pedagojia, si fundi wa vinanda. Lakini kifo cha baba yangu kilinilazimisha kujifunza, na niliyojifunza yanaweza kumsaidia mama mwingine siku ambayo jamaa watakaa chini ya mti kugawanya vitu.

Baba yangu alifanya kazi ya reli. Aliacha vinanda viwili. Kimoja kilikuwa gitare kubwa ya nyuzi sita, ile aliyopiga kila Jumamosi jioni. Kingine kilikuwa kidogo sana, chenye nyuzi nne, ambacho alipewa na mzungu mmoja wa kazini siku mzungu yule alipokuwa anarudi kwao. Sisi watoto tulikiita "mtoto wa gitare". Baba hakukipiga sana. Alikiweka ndani ya sanduku lake dogo, na mara moja kwa mwezi alikifungua, akakipangusa, akakirudisha.

Kilio kilipotolewa, jamaa wa upande wa baba walibaki kuongea juu ya vitu. Baba mdogo alisema gitare ni kitu cha wanaume, kwa hiyo vinanda vyote viwili viende kwake. Siku ileile mnunuzi mmoja alikuwa amemwambia atatoa dolare sitini kwa vyote. Mama hakujibu neno. Mdogo wangu alikuwa anangojea kulipa pesa za Exetat, na dolare sitini zilikuwa zinasaidia, lakini hazikutosha. Usiku mama aliniita jikoni, akasema: "Wewe uliyesoma, uniambie vitu hivi ni nini. Sitaki kuuza kitu ambacho sikijui, na sitaki kukataa kwa ajili ya kiburi."

Nilimwomba baba mdogo atupe wiki mbili. Alikubali, maana ni mtu wa heshima hata anapokasirika.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuuliza kwa nini gitare ziko nyingi hivi kwetu. Wazee wa kwaya na wazee wa reli walinijibu kwa furaha, na mengine niliyasoma. Mji wetu, ambao uliitwa Elisabethville mpaka 1966, ulijaa watu waliokuja kufanya kazi ya shaba na ya reli kutoka kila upande: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Rwanda, vijiji vya Katanga. Kila mmoja alikuja na lugha yake. Kiswahili kikawa daraja, na gitare ikawa kinanda ambacho mtu mmoja angeweza kununua kwa mshahara wake na kubeba mabegani. Hakuhitaji bendi. Jioni alikaa mbele ya nyumba, akapiga, majirani wakasogea.

Ndipo nilipoelewa ukubwa wa jina la Mwenda Jean Bosco. Sisi vijana tulilisikia tu katika redio za wazee. Alizaliwa 1930, mtu wa Bayeke. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi. Sahani zake zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini kwa jina la Gallotone. Wimbo wake Masanga uliwafanya wapiga gitare wa nchi nyingi waketi chini kujifunza upya. Katika miaka ya 1961 na 1962 mtaalamu mmoja wa Uingereza, David Rycroft, aliandika noti za upigaji wake moja kwa moja, kama vile tunavyochambua sentensi katika kalasi. Mwaka 1969 Bosco alipiga Marekani, kwenye tamasha la Newport. Alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1990. Pamoja naye wazee wanamtaja Edouard Masengo, aliyevuka mpaka Nairobi akapendwa huko, na Losta Abelo.

Jambo lililonigusa ni hili. Wapigaji hawa walitumia vidole viwili tu, dole gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea chini kama mguu wa mtu anayeenda sokoni, bila kukimbia na bila kusimama. Kidole kingine kinaongea juu, kama mtoto anayeuliza maswali njiani. Ukisikia bila kuona, utasema ni watu wawili. Wakitaka kupandisha sauti, walifunga kalamu ya mti kwa mpira juu ya shingo ya gitare. Rafiki wa kando aligonga chupa ya Fanta kwa chuma kidogo, na ngoma imekamilika. Baba yangu alipiga hivyohivyo, kalamu na yote. Nilidhani ni umaskini. Kumbe ni namna ya Katanga, ambayo watu wa mbali wamesafiri kuja kuitafuta. Mwingereza John Low alikuja mwaka 1979 kujifunza kwa wazee hawa, na baadaye akaandika kitabu kizima juu ya safari ile.

Sasa tuje kwa mtoto wa gitare. Jina lake ni ukulele. Watu wengi wanafikiri ni mchezo wa watoto kwa sababu ni mdogo. Si kweli. Asili yake ni kisiwa cha Madeira cha Wareno, ambako watu walikuwa na kigitare kidogo cha nyuzi nne. Mwaka 1879 meli iliyoitwa Ravenscrag ilifika Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ikiwa imebeba Wareno waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Ndani yake walikuwamo mafundi wa mbao watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Walianza kutengeneza vigitare hivyo kwa mti wa kule unaoitwa koa, na watu wa Hawaii wakavipenda mpaka vikawa vyao. Baadaye viwanda vya Marekani viliingia. Kampuni ya Martin ilianza kuvitengeneza kwa kuuza mwaka 1916. Tangu hapo vimetembea dunia nzima, na kimoja kilifika mpaka juu ya kabati ya mtu wa reli wa Katuba.

Angalieni, bamama: watu waliokwenda kukata miwa na watu waliokuja kuchimba shaba walifanya jambo lilelile. Walichukua kinanda kidogo kinachobebeka, wakakifanya kiongee lugha ya mahali pale.

Baada ya kujua historia, ilinibidi kujua vyetu vilikuwa vya namna gani. Fundi mmoja wa mbao anayetengeneza gitare za makanisa alinionyesha. Nitayasema kama ninavyofundisha, hatua kwa hatua, maana hayahitaji mashine. Chukua metre ya mshonaji, taa ya simu na kioo kidogo cha kujitazamia.

Hatua ya kwanza, hesabu nyuzi na upime. Pima sehemu ya uzi inayolia, yaani tangu kijiti cha juu ya shingo, pale nyuzi zinapopita kwenda kwenye funguo, mpaka kijiti cha chini juu ya tumbo. Gitare ya kawaida ina nyuzi sita, na kipimo hicho kinafika kama sentimita 63 mpaka 65. Ukulele una nyuzi nne. Ule mdogo kabisa, unaoitwa soprano, una sentimita kama 33 mpaka 35, na urefu wake wote ni kama sentimita 53. Kuna mwingine wa kama 38, mwingine wa kama 43, na mkubwa wa kama 50. Wetu ulikuwa soprano.

Hatua ya pili, washa taa utazame ndani ya tundu la tumbo. Mara nyingi kuna karatasi iliyobandikwa au muhuri uliochomwa kwenye mbao: jina la kiwanda, mji, pengine namba. Tazama pia kwenye kichwa, mbele na nyuma. Usikwangue kitu chochote, na usiondoe karatasi hata kama imechakaa. Karatasi ile ni kama cheti cha ubatizo, ikipotea utatafuta mashahidi. Ya ukulele wetu ilikuwa imeliwa na wadudu nusu. Ya gitare kubwa ilikuwa safi, nayo ilisema Gallotone.

Nilishtuka. Kampuni ile iliyotoa sahani za Bosco iliuza pia gitare, na gitare hizo zilipanda reli kutoka kusini mpaka kwetu. Kwa karatasi ile ndogo nilifikiri tumekuwa matajiri. Fundi alicheka, akanituma kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya tatu, tambua mbao. Kuna mbao nzima, na kuna tripleksi, yaani karatasi za mti zilizogundishwa moja juu ya nyingine. Mbao nzima inalia vizuri zaidi na bei yake ni kubwa zaidi. Tazama ukingo wa tundu la tumbo. Kama mistari ya mti iliyo juu inashuka na kuendelea ndani ya unene, ni mbao nzima. Kama unaona matabaka, kama mkate uliokatwa na siagi katikati, ni tripleksi. Kisha geuza kinanda. Tafuta alama yoyote ya mti mgongoni, kama jicho au mstari mweusi, halafu chungulia ndani mahali palepale kwa kioo na taa. Alama ikionekana pande zote mbili, mgongo ni mbao nzima. Gitare yetu ilikuwa tripleksi. Ukulele ulikuwa mbao nzima, mwepesi kama yai tupu.

Hatua ya nne, tazama uchakavu. Kinanda kilichopigwa kweli huchakaa mahali mkono unapogusa: nyuma ya shingo, chini ya nyuzi kwenye vyuma vya kwanza vya shingoni, na pale mkono wa kuume unapolala. Kinachoonekana cha zamani kila mahali kwa usawa, pengine kimepakwa rangi ili kikudanganye. Ukulele nyingi za zamani zina funguo za kukazia nyuzi zilizo nyuma ya kichwa, zinazoshika kwa kubana tu, bila meno ya chuma. Lakini usiamini nyuzi. Nyuzi hubadilishwa kila mara, hazisemi umri.

Hatua ya tano, tafuta magonjwa. Gonga tumbo na mgongo polepole kwa kidole. Mlio mkavu wa kutikisika unaonyesha kijiti kimeachia ndani. Tazama kama kile kibao kinachoshika nyuzi chini kimeinuka nyuma. Tazama nyufa. Tazama vitundu vidogo vyenye unga mweupe kama wa mihogo: hao ni wadudu wa mbao, na kinanda hicho kitenge mbali na samani nyingine siku hiyohiyo.

Sasa utunzaji, maana hata usipouza, kitu kisipotunzwa kitakufa chenyewe. Hali ya hewa yetu ya Lubumbashi ni ngumu kwa mbao. Kuanzia Mei mpaka Septemba hakuna mvua, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Mbao nayo ina midomo. Inasinyaa, na nyufa hufunguka wakati huo. Kisha Novemba mvua inaingia, mbao inavimba, gundi ya zamani inalegea, na ukungu unapanda. Kinanda kinapenda hewa isiyo kavu sana wala yenye maji sana, na hakipendi mabadiliko ya ghafula.

Kwa hiyo, juu ya kabati chini ya mabati si mahali pake. Mchana joto la mabati linashuka palepale. Usikitundike pia kwenye ukuta unaopigwa na jua, wala ukuta unaolowa wakati wa mvua. Usikiweke karibu na mbabula. Mahali pazuri ni ndani ya sanduku lake, au ndani ya mfuko wa kitambaa kizito, kikisimama au kikilala kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa. Mfuko wa plastiki uliofungwa kabisa haufai, kwa sababu unafungia unyevu ndani. Wakati wa kiangazi chukua kikasha cha sabuni cha plastiki, kitoboe matundu, tia ndani kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka hakidondoki, uweke ndani ya sanduku pamoja na kinanda. Loweka tena kila sponji inapokauka. Mvua zikianza, kitoe.

Kusafisha ni kwa kitambaa laini kikavu, basi. Kama kuna uchafu ulioganda, lowesha kitambaa kidogo tu, pangusa, kausha palepale. Bamama, ninawaomba: si mafuta ya kupikia, si sirage ya viatu, si verni mpya, si mafuta ya kujipaka. Ninajua tunapenda kitu king'ae siku ya sikukuu. Lakini verni ya zamani ni ngozi ya kinanda. Ukiipaka mpya juu yake, sauti inazibwa, na mtu anayejua bei atageuka aende zake.

Kuhusu nyuzi, kinanda kinacholala miezi mingi kilegezwe kidogo, kisilegezwe kabisa. Na kuna jambo moja ambalo linaua ukulele katika nyumba zetu: mtoto anaona nyuzi zimekatika, anatia nyuzi za chuma za gitare. Ukulele hauna nguvu ya kushika chuma. Ulizaliwa na nyuzi za utumbo wa mnyama, baadaye zikaja za nailoni. Chuma kitang'oa kile kibao cha chini pamoja na kipande cha tumbo. Ukikosa nyuzi zake, ngojea. Zikipatikana, uzikaze kwa sauti hizi kuanzia juu: sol, do, mi, la, na ile sol ya kwanza iwe nyembamba, juu ya do na mi. Gitare kubwa, kuanzia uzi mnene: mi, la, re, sol, si, mi. Watoto wa kwaya watakusaidia.

Kikivunjika, okota kila kipande, hata kidogo kama jino, ukitie ndani ya bahasha. Usitumie gundi ya haraka inayouzwa kando ya barabara. Inagandisha milele, na fundi hataweza kufungua tena bila kuvunja. Vinanda vingi vya zamani viligundishwa kwa gundi iliyopikwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Hiyo inalegea kwa joto na maji kidogo, kwa hiyo fundi anayejua anaweza kufungua, kutengeneza na kufunga tena kama daktari.

Nirudi kwa bei, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Gitare ya Gallotone aliyopiga John Lennon akiwa kijana Liverpool mwaka 1957, kabla ya dunia kumjua, iliuzwa London mwaka 1999 kwa pauni 155,500. Nayo ilikuwa ya bei ndogo, na ndani yake iliandikwa kwamba imehakikishwa haitapasuka. Nilipomsomea mama habari hiyo macho yake yalifunguka. Kisha nikamwambia yaliyobaki: pesa zile zililipwa kwa ajili ya mikono ya Lennon. Kitu cha zamani kinapata bei kwa mambo matatu, yaani mbao na ufundi wake, hali yake, na habari inayoambatana nacho yenye ushahidi. Kikikosa yote matatu, ni cha zamani tu, kama sufuria yenye tundu.

Wiki mbili zilipoisha, tulikaa tena. Nilieleza niliyoyaona, na binamu yangu anayejua mambo ya sheria alikumbusha kwa upole kwamba Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi, na sehemu yao ni robo tatu ya urithi. Mama mjane yuko katika kundi la pili pamoja na wazazi, kaka na dada za marehemu. Hakuna mahali inaposema vinanda ni vya wanaume. Baba mdogo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mimi sikutaka kuuza. Niliogopa mtauza ninyi."

Hapo tulielewana. Tulikuwa tumekaa pande mbili kwa woga mmoja.

Mimi nilitaka tubaki na ukulele. Nilikuwa nimeusafisha, nimeutafutia nyuzi, nimeanza hata kuufundishia nyimbo katika kalasi. Ndio uliokuwa mzuri, wa mbao nzima, wenye safari ndefu. Na mtu mmoja anayepiga kanisani, aliyeufuata mpaka nyumbani na kuupiga mbele yetu, alitoa dolare mia moja hamsini kwa huo peke yake. Kwa gitare kubwa ya tripleksi hakuna aliyetoa zaidi ya ishirini.

Mama alichukua gitare kubwa, akaigeuza. Nyuma ya shingo verni ilikuwa imeisha, mbao imekuwa nyeusi na laini mahali dole gumba la baba lilipotembea miaka yote ile. Akapitisha mkono wake pale. Akasema: "Hii haiuzwi. Ile ndogo alipewa, hii alinunua. Ile aliitunza, lakini hii aliipiga. Uzeni ndogo, mtoto afanye mtihani."

Iliniuma, na bado nikipita karibu na kanisa lile ninasikiliza. Lakini mama alijua anachouza na anachobakiza, na hakuna aliyemdanganya. Mdogo wangu aliandika Exetat. Gitare kubwa iko nyumbani kwa mama, fundi amegundisha kibao chake upya, na baba mdogo anakuja Jumapili kuipiga kwa vidole viwili, na kalamu yake ya mti.

Kwa hiyo nina ombi kwa kila kikundi chetu. Msingojee kilio. Muzee akiwa hai, mwulize mambo matano na uyaandike kwenye karatasi: kinanda kilitoka wapi, mwaka gani, nani alimfundisha, alipiga nyimbo gani, na anataka kiende kwa nani. Mpigeni picha akikishika. Mrekodini kwa simu hata dakika tano. Karatasi hiyo itieni ndani ya sanduku pamoja na kinanda. Kama hakuna mtu nyumbani anayeweza kukitunza, msikimbilie mwenye pikipiki. Kuna mafundi wa makanisa, kuna wanamuziki, na kuna makumbusho ya taifa hapa mjini. Walimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walianza mwaka 2000 kazi iitwayo Mémoires de Lubumbashi, ya kukusanya kumbukumbu za watu wa kawaida wa mji huu, na kitabu chao kimoja cha 2002 kinahusu hasa wanawake, mavazi na muziki. Vitu vyetu vya nyumbani ni historia, hata kama vimelala chini ya kikwembe.

Na wewe mama unayesema nyumbani kwako hakuna gitare, panda juu ya kiti leo jioni utazame juu ya kabati. Pengine ni akordeoni, pengine ni likembe, pengine ni sanduku la sahani. Kiteremshe, ukipanguse kwa kitambaa kikavu, uulize ni cha nani. Kikao kijacho kila mmoja alete picha ya alichokipata, nami nitaleta metre na taa.